Kushtuka na kuogopa ni vitu viwili: uzi wa wapenzi wa muvi za kutisha, Kisumu, Nakuru na magharibi yote karibuni

Mwenye uzi (Nyalenda, Kisumu):

Wadau habari zenu, hii kitu nimekaa nayo kwa roho miezi mingi sasa wacha niitoe. Mimi ni mtu wa muvi za kutisha tangu darasa la sita, enzi za kuwekewa kwa flashi kwa mbao moja (shilingi ishirini) na ukifika nyumbani unapata nusu zinafunguka nusu zimekataa, na mpaka leo nikipata jioni ya bure nazima taa naweka hedifoni naangalia moja mpaka majina yaishe. Kwa hivyo haya nasema si ya mtu anachukia hizi muvi, nazipenda sana na ndio maana zinaniuma.

Muvi nyingi za sai zinajua kushtua lakini kuogopesha hazijui. Unaona msichana anatembea kwa korido, kimyaaa, saundi inashuka mpaka unajua kabisa kuna kitu kinakuja, halafu PAAA, uso umejaa skrini na kelele ya kupasua masikio. Unaruka. Lakini ata mimi nikikupigia sufuria nyuma ya kichwa utaruka, na hutaenda kuambia watu ati sufuria inatisha. Dakika mbili ushasahau, unaenda kulala fofofo. Sasa ile muvi imekuogopesha kweli unaweza kuimaliza ukiwa sawa tu, ata unaosha vyombo unaimba, halafu saa tisa usiku mkojo unakubana na unaanza kupima kama choo ni lazima.

Nilijifunza kuogopa kwa dani yangu, yaani nyanya, huko Seme, kabla nijue muvi ni nini. Nyumba ya mabati, koroboi, sisi wajukuu tumelala chini kwa mkeka, na katikati ya usiku unasikia mchanga umerushwa juu ya mabati, shaaa, unateleza mpaka chini. Halafu kimya. Halafu kitu kinajisugua kwa mlango polepole. Jajuok. Mkimbiaji wa usiku, mtu wa kutoka gizani kutisha watu majumbani mwao. Hakuna aliyepiga kelele, dani alikuwa anashusha tu utambi na kusema lala, na vile alisema hilo neno ndio ilitutisha, juu ulijua anamjua.

Miaka mingi nimekuwa nikitafuta muvi ya kunirudisha kwa ule mkeka. Nimepata chache sana. Wewe ni gani ilikufanyia hivyo?

Msee wa Kondele:

Mkubwa heshima yako lakini hapa napinga kidogo. Sisi tunaangalia watu saba nane kwa keja ya beshte, Ijumaa, stima zimezimwa kwa makusudi, na ile kuruka pamoja ndio raha yenyewe. Ukiniletea muvi ya mama analia masaa mawili ati ni huzuni ndio jini mimi nitalala. The Conjuring ilitupiga vibaya mno na ni ya kushtua hiyo.

Mwenye uzi:

Msee wangu umenitajia nzuri kabisa, sikatai. Lakini hebu kumbuka ni wapi ilikupiga. Si ule mchezo wa makofi? Mama amefungwa macho, watoto wanajificha na kupiga makofi ndio awatafute, halafu ile mikono inatoka kabatini inapiga makofi mara mbili. Hakuna uso, hakuna kelele, ni makofi tu, kitu mtoto yeyote wa hapa amecheza. James Wan aliitoa 2013 na ukweli ni kwamba huyo jamaa anajua kusubiri. Shida ni waliokuja nyuma yake. Waliona mlango ukijifunga wenyewe wakadhani mlango ndio siri, kumbe siri ilikuwa ile subira, na sasa tuna mwanasesere, mtawa, sijui nini, kila kitu kimepewa muvi yake.

Na ukitaka kujua pesa si hoja, Paranormal Activity ilitengenezwa kwa kama dola 15,000, ndani ya nyumba ya dairekta mwenyewe, ikakusanya zaidi ya milioni 190. Kamera imewekwa kwa bedrumu, watu wawili wamelala, wewe unaangalia mlango uko wazi. Unaangalia tu mlango! Mimi nilijipata nakagua kila kona ya hiyo picha na hakuna kitu, na hapo ndipo woga unaingia, juu ni macho yako mwenyewe yanafanya kazi.

Halafu kuna Hereditary ya 2018, Ari Aster. Wengi hukumbuka ile ajali barabarani (hamjaiona sisemi zaidi). Mimi kilichonimaliza ni mlio wa ulimi. Yule msichana ana mazoea ya kupiga ulimi, klok, kama mtu anayeita kuku. Ukishazoea huo mlio ni wake, muvi inaanza kukurudishia wakati hautakiwi kuusikia. Klok tu, gizani. Niliondoa hedifoni moja sikioni nikasikiza nyumba yangu kwanza.

Dada wa Section 58, Nakuru:

Nimesoma huu uzi kwa matatu nimepita steji yangu 😭 Mimi naongeza moja, kwa nini mnadhani woga ni wa usiku tu? Midsommar ya huyo huyo Ari Aster karibu yote ni mchana, jua linawaka, maua, watu wamevaa nyeupe wanaimba, na nilitamani usiku uingie ndio nipumzike.

Na mimi najua huo woga juu nimekulia chini ya Menengai, ile kreta ya volkano ya Nakuru. Wazee wa kwetu wanaiita Kirima kia Ngoma, mlima wa mapepo, na hadithi za mtu kushuka chini ya kreta akapotea masaa na masaa, anazunguka na hajui anazunguka, hizo tumelelewa nazo. Tulienda na wenzangu saa sita mchana, anga safi, unaona ule mvuke unatoka chini kwa mbali, na ukisimama pale ukingoni upepo unanyamaza ghafla halafu unarudi. Hakuna kitu kilitufanyia chochote. Lakini hakuna mtu aliongea mpaka tufike kwa lami.

Hiyo ndio muvi. Kreta, saa sita mchana, watu wanne wanatembea na wanapita jiwe lile lile mara ya tatu. Huhitaji jini.

Mwenye uzi:

Dada umeniamsha nywele. Jiwe lile lile mara ya tatu! Ukiiandika niambie nakuja kubeba kamera.

Mwanafunzi wa Maseno:

Mimi ni mgeni wa hizi muvi naogopa mapema, lakini nimeambiwa nianze na Get Out. Ni ya majini ama?

Mwenye uzi:

Hakuna jini ata moja ndugu yangu mdogo, na anza nayo leo. Jordan Peele, 2017. Bajeti dola milioni 4.5, ikaingiza zaidi ya milioni 255, na mwaka uliofuata akachukua Oscar ya mswada, mtu mweusi wa kwanza kupata hiyo ya mswada asilia. Jamaa mweusi anaenda kutambulishwa kwa wazazi wa mpenzi wake mzungu. Ndio hiyo tu. Wanamchekea, wanamkaribisha, wanamsifu mwili wake, na kila tabasamu linakukaza tumbo zaidi ya lile la kwanza. Halafu mama mkwe anakoroga chai. Kijiko kinazunguka ndani ya kikombe, ting, ting, ting, na kijana anazama chini kwa kiti kama mtu ameanguka kisimani. Kijiko cha chai wasee! Kitu kiko kwa kila nyumba ya Kenya. Tangu siku hiyo mgeni akikoroga chai kwangu muda mrefu naongea juu kwa juu nisisikie.

Na kuna kitu naomba kila mtu wa huu uzi aende asikize tena. Mwanzoni wakati majina yanapita na unaona miti inakimbia kando ya barabara, kuna watu wanaimba kwa sauti za chini chini. Wanaimba KISWAHILI. Wimbo unaitwa Sikiliza Kwa Wahenga, aliutunga Michael Abels. Wahenga wanamwonya ndugu akimbie. Watu wa Marekani walikaa ndani ya sinema wakisikia mnong'ono wa lugha hawaijui, wanahisi tu hatari iko, na sisi huku tuliambiwa kila kitu mwanzoni tu. Mara ya kwanza sikugundua, ya pili nikiwa na hedifoni nikasimama katikati ya nyumba. Lugha yangu, ya kuitana sokoni na kulipa kondakta, iko pale inaonya mtu na yeye haisikii. Sijawahi pata kitu kingine kama hicho kwa muvi.

Msee wa Kondele:

Wueh. Naenda kuirudia sai.

Na mbona hamjamtaja Lupita Nyong'o, yule mwigizaji? Msichana wetu, baba yake ndiye gavana wetu hapa Kisumu tangu 2017, na huu uzi ni wa Kisumu jameni.

Mwenye uzi:

Nilikuwa namwekea nafasi yake. Us, 2019, Jordan Peele tena. Lupita ni mama wa familia na pia ni yule mwanamke wa ovaroli nyekundu na makasi anayekuja kumtafuta, watu wawili sura moja, na hutawahi kuchanganya nani ni nani ata sekunde. Ile sauti! Inatoka kama mtu ambaye hajaongea miaka na kila neno linakwaruza likipita. Nikisema tu kwa mapenzi yangu, hiyo ndio kazi yake bora kuliko zote, na inaniuma venye watu wa Oscar walipita kando juu muvi za kutisha huwa hawazihesabu kama kazi.

Halafu 2024 akafanya A Quiet Place: Day One. Wageni kutoka angani wanaosikia kila kitu, ukipiga kelele umeenda. Yeye ni mgonjwa, kifo chake ashakijua, anatembea na paka ndani ya New York iliyonyamaza. Anaigiza na macho karibu muvi yote. Nilikuwa naiangalia hapa Nyalenda na nje kuna spika ya kanisa, bodaboda, jirani na jenereta, na nikajiuliza hapa kwetu tungekufa wote dakika ya kwanza kweli. Nikapunguza redio ya jikoni bila kufikiri.

Mwalimu wa Kakamega:

Nimefuatilia kimya sasa niseme. Mnasahau tulikotoka. Kizazi changu tulitishwa na kaseti za Nigeria, sebule imejaa watoto wa mtaa mzima, msichana anageuka nyoka, picha inaruka ruka na tunashikana mikono. Zilikuwa na nguvu kwa sababu kijiji tulikitambua, mama mkwe tulimtambua. Lakini zote ziliishia mahali pamoja. Pasta anaingia, anaomba kwa sauti, pepo linatoka, tunaenda nyumbani. Kila kitu kimefungwa. Mimi ni mtu wa kanisa na naamini maombi, ila kama hadithi ile ilitunyima kitu, hakuna swali lilibaki.

Mtafuteni His House ya 2020, iko Netflix. Mume na mke kutoka Sudan Kusini, wamevuka bahari, wamepewa nyumba Uingereza na masharti ya kutohama. Ndani ya ukuta kuna kitu. Mke anamwambia mume wazi wazi kwamba ni apeth, mchawi wa usiku wa kwao, amewafuata kudai deni. Mnajua Wadinka wa Sudan Kusini na Waluo ni Waniloti wa shina moja, kwa hivyo ndugu yangu wa Seme, hiyo hadithi ni ya binamu zako.

Mwenye uzi:

Mwalimu umefika pale nilikuwa naelekea. Hiyo ndiyo ilinirudisha kwa mkeka. Kuna ngano mle ndani ya mtu maskini aliyetaka nyumba sana mpaka akaiba, akamwibia apeth bila kujua, na apeth akahamia kwa ile nyumba. Mama anaisimulia akiwa amekaa tu, hakuna muziki wa kutisha, anaongea kama dani. Na huyo mama ni Wunmi Mosaku, huyo huyo wa Sinners, ile ya Ryan Coogler ya 2025.

Na nikigusa Sinners siwezi pita haraka. Mississippi 1932, ndugu mapacha (Michael B. Jordan wote wawili) wanafungua klabu ya muziki ya watu weusi, na usiku vampaya wanafika mlangoni. Hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Wazungu wanalichukua kama sheria ya vampaya tu. Lakini sisi si tunajua? Hodi na karibu! Mtu anasimama nje anabisha hodi na asipoambiwa karibu haingii, na usiku mtu akikuita jina mara moja hauitiki, unangoja uhakikishe ni nani. Mimi niliambiwa hivyo na dani, na najua mko wengi hapa mliambiwa. Sasa wale wako nje wanaimba vizuri, wana tabasamu, wanaomba waingie, na ndani kuna huyu mama wa dawa za mizizi ndiye wa kwanza kuelewa. Nilikuwa nasema peke yangu kwa nyumba, msiseme karibu, tafadhali msiseme karibu.

Mwaka huo huo kuna Weapons ya Zach Cregger. Watoto 17 wa darasa moja, saa nane na dakika 17 usiku wanaamka, wanafungua mlango, wanakimbia gizani mikono wameinyoosha kando, hawarudi. Hakuna damu hapo. Ni watoto wanakimbia kimya kwenye nyasi. Watu mtandaoni waliuliza hiyo picha ameitoa wapi. Mimi niliona wakimbiaji wa usiku nikanyamaza.

Mama Mboga wa Kisii:

Wanangu nawasikiza na mimi ni mpenzi wa hizi muvi pia msinione mzee. Lakini nina jambo. Naona mnaelekea kutaka kutengeneza muvi za wachawi wetu. Mnakumbuka 2008? Huku Kisii watu zaidi ya 10 walichomwa ndani ya nyumba zao ati ni wachawi, wengi wao wazee, kina mama wa kujifunga leso kama mimi. Na haikuisha mwaka huo. Mpaka leo mwanamke akiishi sana, awe mjane, macho yake yawe mekundu ya moshi wa jikoni, kuna kijana anamwangalia vibaya. Sasa wewe ulete muvi, ajuza usiku, saundi ya kutisha, uso unajaa skrini. Ikionyeshwa kwa kibanda cha muvi huku kwetu ni nani ataenda nyumbani na kiberiti?

Mwenye uzi:

Mama nimesoma hii nikafunga simu, nimerudi baada ya masaa mawili.

Uko sawa na sina jibu la haraka. Nilipoanza huu uzi nilikuwa nafikiria saundi na kamera. Sikufikiria nani analipa. Na sasa nikirudi kwa dani naona kitu sikukiona utotoni. Yule jajuok alimjua. Sote baadaye tulikuja kujua, alikuwa jirani, mtu wa kukuazima ng'ombe za kulima. Na hakuna siku dani alitaja jina lake. Nilidhani ananyamaza juu anamwogopa yeye.

Dada wa Section 58, Nakuru:

Alikuwa anaogopa kijiji.

Mwenye uzi:

Ndio. Alikuwa anaogopa sisi tutasema.

Mwalimu wa Kakamega:

Basi hiyo ndiyo Get Out yenu. Kule aliyetisha alikuwa na chai na tabasamu. Huku atakuwa na kiberiti, na asubuhi anakusalimia vizuri.

Msee wa Kondele:

Acheni nywele zangu zipumzike jameni. Lakini kweli, mkubwa, ukipewa kamera leo, simu tu, mtu watatu wanne, unaanzia wapi? Usituambie bajeti. Tuambie picha ya kwanza.

Mwenye uzi:

Nimeifikiria usiku kucha, sijalala vizuri.

Giza. Huoni kitu. Unasikia mchanga juu ya mabati, unateleza mpaka unaisha. Utambi unashushwa. Mtoto wa miaka kama tisa amelala karibu na ukuta na kuna tundu la msumari, na mwezi uko nje, na anachungulia. Sisi hatuonyeshwi anachoona. Tunaona jicho lake tu, na tunaona limetambua.

Asubuhi. Jua, kuku, dani anafagia boma. Jirani anapita na jembe begani, anasimama pale kwa uzio wa miti ya ojuok (mnyaa), anasalimia, mliamkaje. Dani anasema tuliamka salama, sijui nyinyi. Wanaongea mambo ya mvua. Mtoto ametoka na kikombe cha uji, anaangalia miguu ya yule mtu, ina umande na majani mpaka kwa magoti. Nyuma yake barabarani vijana watano wanapita wanaelekea sokoni, wanacheka, mmoja anauliza kwa sauti, nyinyi pia mlirushiwa mchanga jana? Mmemwona?

Dani anaacha kufagia. Jirani haangalii nyuma. Wote wawili wanamwangalia mtoto.